Mombasa Yastahiki Runinga Yake

Miaka kadhaa iliyopita, wakati wa tamasha moja la utamaduni hapa Mombasa, wapigapicha wa stesheni moja ya televisheni yenye makao Nairobi walifika nyumbani kwetu, Mji wa Kale. Walikuwa wameelekezwa kwa bibi yangu mzaa mama. Katika ujana wake bibi alikuwa miongoni mwa wanawake waliopiga vugo katika arusi za mji huu, na uzeeni bado alizijua nyimbo zake kwa moyo. Siku ile alivaa leso mpya, akajifukiza udi, akaketi ukumbini kwa utulivu wa mtu anayetarajia kusikilizwa. Mtangazaji, kijana mwenye adabu zake, akamwuliza vugo lilikuwaje zamani. Bibi akajibu: "Tukishika ndia na vugo letu, ndaa hatuisikii hata alfajiri."

Kijana akawatazama wenzake, kisha akasema kwa upole, "Nyanya, tafadhali rudia. Sema njia na njaa, ndiyo watazamaji wakuelewe."

Bibi hakumjibu. Alinigeukia mimi akaniuliza, "Kwani nimekosea, mwanangu?"

Walipiga picha tangu asubuhi hadi adhuhuri. Habari ilipotangazwa, bibi alionekana kwa muda usiofika dakika moja, midomo yake ikicheza huku sauti ya mtangazaji ikiifunika yake kwa Kiingereza. Miaka miwili baadaye alifariki dunia. Tulipoandika barua kuomba nakala ya picha zile, tulijibiwa kwamba zisizotumika hazihifadhiwi. Aliimba nyimbo saba siku ile. Mbili kati ya hizo sijapata kuzisikia kwa mtu mwingine hadi leo.

Simlaumu kijana yule. Alikuwa na dakika moja ya kuijaza, na watazamaji wa nchi nzima wa kuwaridhisha. Lakini jibu la barua yetu halijanitoka moyoni, na ndilo lililonifikisha kwenye hoja ninayotaka kuwaeleza wasomaji wa ukurasa huu. Kaunti ya Mombasa ilihesabiwa watu 1,208,333 katika sensa ya mwaka wa 2019. Mji wa watu wengi hivi, wenye fasihi ya karne kadhaa, unajiona katika kioo cha runinga pale tu jicho la mbali linapoamua kuutazama. Mombasa yastahiki runinga yake: stesheni yenye makao hapa, inayosema na watu wa hapa kwa lugha yao, na inayoyahifadhi yale inayoyanasa.

Neno lenyewe, runinga, lina kisa chake. Anayetajwa kuwa ndiye aliyelileta katika matumizi ni marehemu Ustadh Ahmed Sheikh Nabhany, mshairi mzaliwa wa Matondoni, Lamu, aliyeishi miaka mingi hapa Mombasa hadi alipofariki mwaka wa 2017. Nabhany aliamini kwamba Kiswahili hakihitaji kukopa kabla ya kupekua makabati yake yenyewe, na aghalabu makabati aliyoyapekua yalikuwa ni lahaja za Pwani. Leo watangazaji kote nchini husema runinga bila ya kufikiri. Tumewapa wenzetu jina la chombo, nasi chombo chenyewe hatuna.

Nieleze ninachokusudia, nisije nikaeleweka vibaya. Sisemi kwamba Mombasa haionekani kabisa. Waandishi wa habari wa stesheni za taifa wamo humu mjini na wengi wao hufanya kazi kwa bidii. Zimepita pia stesheni ndogo za watu binafsi, nami sizibezi. Hali kadhalika, katika miaka ya karibuni tamthilia zilizopigwa picha Pwani zimependwa nchi nzima. Lakini kuonekana ni jambo moja na kujitazama ni jambo jingine. Anayetutazama kwa mbali huja na anachokitafuta: ufuo, mnazi, ngome, jini, na mtu wa Pwani anayevuta maneno na kuchekesha. Tukiwa na habari nje ya hayo, basi lazima iwe ni habari ya maafa, ya dawa za kulevya, au ya wanasiasa.

Tuchukue mfano mmoja usio na utamaduni ndani yake. Mamia kwa maelfu ya wakazi wa Likoni huvuka kwa feri kila siku kuja kisiwani kutafuta riziki. Alfajiri, mtu wa Likoni akiwasha runinga yake, ataelezwa kwa kina hali ya msongamano wa magari katika barabara ya Thika, umbali wa karibu kilomita 500 kutoka kwake. Ataambiwa ni wapi pa kupita na ni wapi pa kuepuka. Kuhusu feri ngapi zinafanya kazi asubuhi ile, na foleni imefika wapi, hataambiwa neno, atajua akifika. Mvuvi wa Mtongwe hataambiwa iwapo leo ni bamvua au ni maji mafu, wala kusi imeanza kuvuma kwa nguvu kiasi gani. Mama muuza samaki wa Changamwe atajua bei ya viazi vya Nyandarua kabla ya kujua bei ya kolekole hapa hapa mjini. Si kwamba kuna mtu amekusudia kumdharau. Stesheni ya taifa haiwezi kumweleza mtu wa Kisumu habari za feri ya Likoni kila asubuhi, wala haifai. Ndiyo maana ninasema kazi hii ni ya stesheni nyingine.

Tena ombi hili si geni. Mombasa haijapata kuwa mji bubu. Muyaka bin Haji, aliyefariki karibu na mwaka wa 1840, alikuwa ndiye mtangazaji wa mji huu kabla ya kuwako mitambo. Shairi lake lilipotoka lilipita mdomoni kwa mdomo, likiwaeleza watu habari za vita na za mapatano, za deni na za mapenzi, na wapinzani wa Lamu wakilijibu kwa mashairi yao. Karne moja baadaye, mwaka wa 1930, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha Sahifa, gazeti dogo la mji, na mwaka wa 1932 akalifuatisha na Al-Islah. Hakuwa na mtambo wa maana wala fedha za kutapanya. Alikuwa na jambo la kuwaambia watu wa mji wake, na aliona haifai kungoja mtu mwingine awaambie. Katika miaka ya 1950 palikuwa na Sauti ya Mvita, redio ya mji huu, kabla ya utangazaji wa taifa kuimeza. Na leo tuna redio za masafa mafupi, kama vile Pwani FM, Baraka FM na Radio Rahma, ambazo zimethibitisha kwamba wasikilizaji wapo, watangazaji wapo, na mambo ya kusemwa hayaishi.

Basi kama redio zipo, runinga ya nini? Swali hili niliulizwa na rafiki yangu mmoja mshairi, naye ana haki ya kujibiwa. Redio hubeba sauti, na sauti ni nusu ya mambo yetu. Vugo huliwezi kwa sauti peke yake: kuna namna pembe ya nyati inavyoshikwa na kupigwa, kuna mwendo wa wanawake barabarani, kuna anayeongoza na jinsi wenziwe wanavyomjibu kwa mabega kabla ya kumjibu kwa vinywa. Kirumbizi kikisikizwa redioni ni kelele za bakora. Leso ina jina lake, yaani ule usemi ulioandikwa, lakini ina pindo na mji pia, na anayeivaa huchagua amwelekezee nani usemi ule kwa jinsi anavyoifunga na anavyogeuka. Hata lugha yenyewe huonekana. Mvita ana "t" mbili, moja ya menoni na moja ya ufizini, na mtoto anayejifunza kuzitenga huhitaji kuutazama mdomo wa anayesema. Wazee wetu walitufundisha hivyo, uso kwa uso. Wazee wakiisha, nani atautazama mdomo wa nani?

Hapa ndipo penye uchungu wangu, na ndipo mapenzi ya lugha yanapokutana na siasa za mji. Kimvita kilipata pigo ambalo hakikuliomba. Katika mkutano uliofanyika hapa hapa Mombasa mwaka wa 1928, Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka wa 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia. Sina ugomvi na uamuzi ule kwa leo. Ninaandika makala haya kwa Kiswahili sanifu, na ninashukuru kwamba msomaji wa Bukavu na wa Muskat anaweza kunielewa. Lakini usanifu uliletwa ili watu wa mbali waelewane. Haukuletwa ili mwenye nyumba akosolewe sebuleni mwake. Mtele, mtanga, mtuzi, ndia, ndaa: haya si makosa ya chapa. Ni maneno yaliyobeba mashairi ya Muyaka, na mwanafunzi asiyeyajua huyasoma mashairi yale kama mgeni.

Nimefundisha watoto wa mji huu, na nimewaona wakimcheka mwenzao anayesema "ndoo" kwa maana ya "njoo". Hawamcheki kwa ubaya. Wamejifunza darasani kwamba ndoo ni ya maji, na katika kioo cha runinga hawajapata kumwona mtu mwenye heshima, awe daktari, mwanasheria au msomaji wa taarifa ya habari, akisema vile. Waliowaona wakisema vile ni wachekeshaji. Mtoto hahitaji kuelezwa, hujumlisha mwenyewe. Lahaja haiuawi kwa amri. Hufa siku watoto wanapoanza kuionea haya, na aghalabu haya hiyo huanzia pale wanapotazama.

Sasa nije kwenye sheria, maana kuna wanaodhani kwamba ninaomba jambo lisilowezekana. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 imeitangaza lugha ya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na hapo hapo, katika kifungu cha 7, imelitaka dola likuze na lilinde wingi wa lugha za watu wa Kenya. Jedwali la Nne limeziachia kaunti shughuli za utamaduni na burudani za umma. Na lililo kubwa zaidi limo katika Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka wa 2012. Kifungu cha 95 cha sheria hiyo kinaitaka serikali ya kaunti iweke njia za kuwasiliana na wananchi na kuwafikishia habari, kwa kutumia vyombo vinavyowafikia wengi zaidi, kisha kinavitaja vyombo vyenyewe. Cha kwanza katika orodha ile ni stesheni za televisheni. Redio za jamii zatajwa, mikutano ya hadhara yatajwa, lakini televisheni ndiyo iliyotangulia. Kwa hivyo anayesema runinga ya mji ni ndoto ya washairi, naakisome kifungu hicho kwanza.

Upande wa mitambo nao umekuwa mwepesi kuliko zamani. Mwaka wa 2015 Kenya ilipozima mitambo ya analogi na kuhamia dijitali, watu wengi waliona tu usumbufu wa kununua king'amuzi. Lakini mabadiliko yale yalifungua mlango. Masafa yaliyokuwa yakibeba stesheni moja sasa yabeba kumi na zaidi, na mwenye stesheni halazimiki tena kusimamisha mnara wake mwenyewe. Hulipia kubebewa matangazo na wenye leseni ya kusambaza mawimbi. Sheria zetu za utangazaji pia zimetenga aina tatu za watangazaji: wa umma, wa biashara, na wa jamii. Stesheni ya mji inaweza kuingia kwa mlango huo wa tatu.

Zipo hoja za kupinga, nami sitazipita kando.

Ya kwanza ni fedha. Itasemwa kwamba mji ambao mifereji yake huziba kila masika hauna haki ya kununua kamera. Na mtu akitaka kunipinga kwa mifano ya mbali, ataninyooshea kidole London. Jiji lile lilipata stesheni yake mwaka wa 2014, London Live, na mwezi wa Januari 2025 ikafungwa. Ikiwa London imeshindwa, Mombasa ni nani? Lakini tuitazame stesheni ile ilivyoishi. Ilianzishwa kama biashara, na biashara ilipokuwa ngumu ikaanza kujaza saa zake kwa filamu za zamani, ambazo mtu wa London angeweza kuziona kwingine. Iliacha kuwa ya London kabla ya kufungwa. Tuulinganishe na mji wa Barcelona, ambao ulianzisha televisheni yake mwaka wa 1994 na ungali nayo hadi leo. Stesheni ile ni ya mji, husema Kikatalani, lugha iliyopigwa vita katika enzi ya Franco, na huonyesha yale ambayo stesheni za Madrid hazina sababu ya kuyaonyesha. Ninalojifunza kwa miji hii miwili ni kwamba stesheni ya mji hudumu ikiwa na kitu kisichopatikana penginepo. Na sisi, alhamdulillahi, hilo hatukupungukiwa.

Wala sisemi tuanze kwa makuu. Saa nne kwa siku zatosha: moja ya asubuhi kwa feri, barabara, maji na bei za soko, na tatu za jioni. Tunacho chuo kikuu cha ufundi hapa mjini na vijana wanaojifunza kazi za habari wakikosa mahali pa kuzifanyia. Tuna wafanyabiashara wa mtaa wa Biashara na wa Marikiti ambao hawawezi kulipia tangazo la stesheni ya taifa, wala hawalihitaji, kwa kuwa mteja wao hatoki Eldoret. Duka la leso linalotaka kuwajulisha wanawake wa Majengo kwamba mzigo mpya umefika litalipa shilingi chache kwa furaha, na shilingi chache zikiwa nyingi ni mshahara wa mtu.

Hoja ya pili ni ya vijana, nao husema: kila mtu sasa ana stesheni mfukoni. Ni kweli, na baadhi ya kazi nzuri kabisa za mji huu zimepigwa kwa simu. Lakini simu ina mwenyewe, na mwenyewe huibiwa, huhama, hufa. Video ya malumbano ya mashairi niliyoitazama mara nyingi zaidi maishani mwangu ilikuwa katika ukurasa wa kijana mmoja wa Kisauni. Siku moja ukurasa ulifungwa, na hata yeye mwenyewe hana nakala. Tena simu haina mhariri. Usiku wa dhoruba au wa ghasia, makundi ya simu hujaa picha za mwaka juzi na za nchi nyingine, na hapana mtu ambaye kazi yake ni kusema hii ni ya leo na ile si ya leo, wala ambaye kesho yake utamjua umwulize kwa nini alikosea.

Hoja ya tatu ni nzito, na inatoka kwa watu ninaowaheshimu. Husema: tuliona mwaka wa 2007 na wa 2008 jinsi baadhi ya redio za lugha za kienyeji zilivyotuhumiwa kuchochea chuki. Leo mwaomba runinga ya mji. Kesho itakuwa ya kabila, na keshokutwa tutazika watu. Sijibu hofu hii kwa kejeli. Najibu kwamba lugha ya stesheni hii ni Kiswahili, lugha ambayo hapa mjini Mmvita, Mgiriama, Mdigo, Mtaita, Mkamba, Mjaluo, Mhindi na Mbarawa wote huisema, kila mmoja kwa ladha yake. Katika stesheni ya mji, jirani wa Mishomoroni atamwona jirani wa Jomvu na kumsikia akilalamikia maji yale yale yasiyofika. Kuna chuki nyingi ambayo hulelewa na kutoonana. Mimi ninapodai nafasi ya Kimvita, sidai kiti cha pekee. Nadai kwamba katika mji wa Mvita, Kimvita kisiwe ndicho pekee kinachoambiwa kirudie.

Hoja ya nne haisemwi sana, nami ndiyo ninayoiogopa zaidi. Stesheni ikilipiwa na kaunti itakuwa ya gavana. Kila jioni tutaonyeshwa mheshimiwa akikata utepe, na mheshimiwa akibadilika, stesheni nzima itabadilika naye: jina, rangi, na watu. Nimeishi vya kutosha kujua kwamba hofu hii si ya bure. Ndiyo maana sitaki stesheni ya serikali ya kaunti. Nataka stesheni ya mji. Kaunti itimize wajibu wake wa kisheria kwa kutoa jengo na fungu la fedha linalojulikana, lililopitishwa hadharani na bunge la kaunti. Lakini stesheni imilikiwe na wakfu, na iongozwe na baraza ambalo wajumbe wake watatoka katika maeneo yote sita ya uwakilishi, Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu, pamoja na walimu, wavuvi, wafanyabiashara, wanawake wa vikundi vya ngoma na vijana. Mhariri aajiriwe na baraza na afutwe na baraza. Na vikao vya bunge la kaunti vionyeshwe vyote, bila ya kukatwa, ili gavana na wajumbe waonekane wakiulizwa maswali na si wakikata tepe tu. Sisi watu wa mji huu tunajua wakfu ni nini. Misikiti yetu, visima vyetu na makaburi yetu yamehifadhiwa kwa wakfu tangu zama ambazo hapakuwa na serikali ya kaunti wala ya taifa. Hatushindwi kuiweka runinga chini ya sharti ambalo tumeliwekea kisima.

Ikiwa nitaruhusiwa kuchagua kitu kimoja tu katika stesheni hiyo, sitachagua taarifa ya habari wala tamthilia. Nitachagua chumba cha kumbukumbu. Nataka kanuni ya kwanza ya stesheni iwe hii: lililopigwa picha halifutwi. Mzee akihojiwa kwa saa tatu na zikatumika dakika kumi, saa tatu zote ziwekwe, ziandikiwe jina lake, mtaa wake na siku yake, na mwanafunzi yeyote aweze kuja kuzitazama.

Nasema hivi kwa sababu tunajua fasihi yetu ilivyookoka. Mashairi ya Muyaka tunayoyasoma leo hayakutufikia kwa bahati nasibu. Miaka mingi baada ya kufa kwake, Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya kutoka vinywani mwa waliokuwa bado wakiyakumbuka, na William Taylor, mmishonari wa Kiingereza, akayaandika pamoja na maelezo aliyopewa. Miswada ile leo imo London. Diwani yenyewe ilichapishwa Johannesburg mwaka wa 1940. Ninawashukuru wote waliohusika, lakini kila nikiutazama mkondo ule, Mombasa hadi London hadi Johannesburg, ndipo urudi Mombasa kitabuni, najiuliza ni mangapi yaliyodondoka njiani, na ni mangapi hayakupata Sikujua wao.

Mwaka wa 2014 tulimzika Mohamed Khamis Juma Bhalo, ambaye sauti yake ilijaza arusi za mwambao mzima. Miaka mitatu baadaye tukamzika Nabhany. Hao walikuwa maarufu, na kanda na vitabu vyao vipo. Lakini kwa kila mmoja wao kuna mamia kama bibi yangu, waliojua nyimbo, dawa, majina ya nyota na ya samaki, mitaa na visa vyake, na ambao hawakuandikwa popote. Kila mwezi tunapokwenda mazikoni twarudi tukisema "ameondoka na mengi". Twalisema neno hilo kwa wepesi, kana kwamba kuondoka nayo ni majaaliwa na hapana la kufanya.

La kufanya lipo, na halihitaji muujiza. Wajumbe wa bunge la kaunti wakisome kifungu cha 95 na waulizane kimetekelezwa vipi. Wenye redio, walimu, vikundi vya taarabu na jumuiya za mitaa wakutane wauunde wakfu kabla ya kuomba leseni, ili leseni ikija isiwe ya mtu. Nasi washairi tuache kulia katika kurasa zetu tu. Tupeleke maoni yetu kwa maandishi wakati bajeti ya kaunti inapojadiliwa mbele ya umma, kama ilivyo haki yetu.

Siku bibi aliponiuliza kama amekosea, nilimjibu, "La, bibi, hujakosea." Nilisema kwa sauti ndogo, maana kamera ilikuwa ikizunguka na sikutaka kuwaharibia wageni kazi yao. Kisha yeye, kwa adabu ya kumridhi mgeni, akarudia: akasema njia, akasema njaa. Laiti ningelisema kwa sauti kubwa zaidi.

Nafunga kwa beti mbili zangu:

Mji wetu wa Mvita, una mengi ya kuona,
Tangu zama zilopita, wahenga hujibizana,
Kiooni twatafuta, sura yetu kuiona,
Mvita nayo ipate, runinga ilo ni yake.

Si kwamba twataka vita, wala kuvunja umoja,
Maneno tunaokota, yasife moja kwa moja,
Na mjukuu 'kipita, ayakute yamngoja,
Mvita nayo ipate, runinga ilo ni yake.